Taa nyekundu ambayo sikuitazama

Saa kumi na nusu alfajiri, Ngamiani hapa Tanga bado giza. Sufuria tatu za pilau zimeshapandishwa nyuma, zimefungwa mashuka na kamba zisimwagike, ndoo za juisi ya ukwaju zimebanwa kwenye kona, binti anayenisaidia mapishi keshakaa mbele na beseni la kachumbari mapajani. Nikakaa kwenye usukani, nikasema bismillahi, nikazungusha swichi.

Stata ikazunguka vizuri tu, ina nguvu zake, betri nimebadilisha mwaka jana. Lakini injini haishiki.

Nikarudisha, nikangoja, nikapiga tena. Inazunguka, haiwaki. Mara ya tatu, ya nne. Harufu ya bizari imejaa garini, jasho linanitoka, na shughuli iko Muheza na watu wanataka chakula kifike kabla ya saa nne.

Mara ya tano ikawaka.

Nikashusha pumzi, nikafunga mlango, na pale pale binti akasema, "Mama, beseni la ndizi tumeacha ndani." Nikazima nikaenda kulichukua. Niliporudi haikuwaka tena, mpaka jua likachomoza bado inagoma.

Naandika haya wiki ya saba tangu siku ile. Gari sasa hivi ni nzima, inafanya kazi, jana tu imetoka Korogwe. Ila kuna jambo kwenye hadithi hii halijaniacha nilale vizuri na halihusu gari peke yake, na nimeona nikiliandika lote kama lilivyokuwa labda litatulia.

Fundi mzee na kiti cha abiria

Hiace yangu ni ya mwaka 2006, KDH200, injini 2KD, cc 2494, dizeli. Wenye nazo mnajua injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo fundi akija jambo la kwanza unainua kiti. Nilimpigia fundi mzee wa mtaani kwetu, akaja na kanzu ya alfajiri bado mwilini, ametoka msikitini moja kwa moja. Tukamshusha binti na kachumbari yake, tukainua kiti.

Mzee huyu namheshimu. Kaitunza Hiace ya marehemu baba, ile ya injini 5L, miaka na miaka. Zile 3L na 5L alikuwa anazisikiliza kwa sikio tu anakwambia nozo (kile kinachopuliza dizeli kwenye silinda) ya ngapi imechoka. Na zile gari zilikuwa hazina siri. Pampu yake inaendeshwa na injini yenyewe, juu yake kuna solenoidi moja ya kufungua na kukata dizeli, ukiipa waya wa volti 12 kutoka kwenye betri imefunguka, ikishawaka hata betri uitoe inaendelea kunguruma. Isipowaka watu wanasukuma inawaka.

Akaniambia nipige stata huku yeye kasimama nyuma anatazama ekzosi. Nikapiga. Akarudi.

"Hamna moshi hata kidogo. Dizeli ingekuwa inaingia haichomeki, ungeona moshi mweupe. Haingii kabisa. Pampu hiyo imekwisha."

Sasa hapo nataka niwe mkweli kwake, kwa sababu alichokiona kilikuwa sahihi. Moshi haukuwepo, na dizeli kweli ilikuwa haiingii kwenye silinda. Kosa liko kwenye lile neno la mwisho. Kwenye gari hizi za komonreli, ambazo pampu inajaza dizeli ya presha kwenye bomba moja, reli, linalolisha nozo zote, dizeli inaweza isiingie kwa sababu pampu haina presha, na inaweza isiingie kwa sababu kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, imekataa kuamuru nozo zifunguke, na ukisimama nyuma ya ekzosi hayo mawili yanafanana kama mapacha.

Akataka kulegeza nati za mipaipu ya nozo atoe hewa, kama alivyozoea. Nikamshika mkono. Hilo nilikuwa nalijua, kuna dereva mwenzetu aliwahi kunionya, hizi za kisasa injini ikiwa inawaka presha ndani ya mipaipu ile inaweza kuzidi baa 1,000, dizeli ikikurukia inatoboa ngozi na kuingia mwilini kama sindano. Ingawa ilikuwa imezima, mzee akasema basi tuache, tutafute pampu.

Chakula kilikwenda Muheza kwa Canter ya kukodi. Kilifika saa tano kasoro, cha moto alhamdulillah, lakini mama wa bibi harusi alinipa mkono bila kunitazama usoni.

Funguo ya shemeji

Mchana niliporudi nikaanza kuulizia bei ya pampu, ya mtumba, na bei niliyotajiwa ilinifanya nikae chini. Ni jirani mmoja aliyesema, kabla hujatoa hela nyingi hivyo, mwite yule kijana fundi umeme anayekaa chini ya mwarobaini kule chini, mtoto mdogo lakini anapima kwanza.

Akaja kwa miguu na mkoba wa kitambaa. Ndani kuna mita, taa ya kupimia na bisibisi mbili. Hana mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu ambazo gari inazihifadhi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Sikumwambia habari ya pampu, kwa uchovu tu, sikuwa na nguvu ya kueleza.

Hakuinua kiti. Alikaa kwenye usukani, akaweka funguo, akazungusha hadi taa za dashibodi zikawaka, halafu akakaa kimya anatazama. Nikadhani hajui aanzie wapi.

"Mama, hii taa nyekundu hapa ndogo, umeiona?"

Inawaka inazima, inawaka inazima.

"Hii gari ikiwa imefungwa na funguo haimo, inapepesa hivi, ni sawa. Ukiweka funguo yake na kuiwasha swichi inatakiwa izime. Ikizima ujue gari imekutambua. Ikiendelea kupepesa, gari inakuona mwizi. Stata itakupa, mafuta haikupi."

Akanieleza immobilaiza, hiyo kinga ya gari dhidi ya wizi, kwa namna ambayo sijawahi kuisahau. Kwamba ndani ya plastiki ya funguo kuna kichipu kidogo cheusi na hakina betri. Kuna pete ya waya imezunguka pale unapochomeka funguo, pete ile inatoa umeme kidogo hewani, kichipu kinashiba ule umeme kwa muda mfupi sana na kinajibu kwa kutaja namba yake. Kontroo boksi ikiijua namba inaruhusu nozo. Isipoijua, piga stata mpaka betri ife.

Kisha akachomoa funguo akaishika kiganjani, na bonge lake lote. Funguo ya nyumba, ya stoo, ya geti, kifungulio cha soda, na funguo nyingine nene nyeusi ya Toyota.

"Hii ya gari gani?"

Ya Prado ya shemeji. Shemeji yangu anafanya kazi Muscat, alikuwa amekuja likizo, alipoondoka akaniachia funguo niwe naiwasha gari yake mara moja kwa wiki isilale sana. Nikaiweka kwenye bonge langu isipotee. Hiyo ilikuwa siku nne kabla ya harusi.

"Na hii nayo ina chipu," akasema. "Zikining'inia pamoja, pete ikiuliza nani wewe, zinajibu zote mbili kwa pamoja. Gari haisikii mtu. Siku funguo ya Prado ikining'inia mbali inawaka, ikikaa karibu inakataa."

Akazitenganisha. Funguo ya Hiace peke yake, imevuliwa kila kitu. Akaichomeka, akazungusha. Ile taa ikazima.

Akapiga stata na injini ikashika mara moja.

Hakuridhika hapo. Akafungua kava la plastiki chini ya usukani, akaangalia pete yenyewe na soketi yake, akaichomoa akaipuliza akairudisha, akatikisa waya huku gari inawaka na kuzima, akapiga mara kumi na tano hivi. Mara zote ikawaka. Akaniomba elfu kumi na tano.

Nilimpa. Lakini moyoni, na hapa ndipo nilipoanza kukosea, nikawaza: elfu kumi na tano kwa kutoa funguo kwenye ringi?

Pongwe

Siku nane zilipita gari ni nzima. Nzima kiasi, niseme hivyo, maana kuna kitu nilikiona na sikukitia maanani. Nikisimama, injini ikiwa imepata moto, mlio ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe, uuuum, uuuum, kama mtu anayekanyaga mafuta kidogo anaachia. Nikasema ni dizeli ya juzi, niliongeza ya dumu njiani siku moja nilipokwama.

Siku ya tisa natoka Muheza na magunia ya machungwa ya juisi. Tumefika Pongwe, nikapunguza mwendo kwenye tuta, injini ikazima. Nikapiga stata, inazunguka, haiwaki.

Sauti ile ile. Kila kitu kile kile.

Wallahi nilihisi damu inapanda kichwani. Sikuwaza, sikutazama chochote. Nilijua. Vijana wa pale wakasukuma mita mia mbili nzima kwa wema wao, haikuwaka, na nikawa nazidi kujua. Nikamwambia binti achukue video nimtumie shemeji aone, kwa sababu shemeji ndiye tunayeshauriana naye mambo ya magari. Huku anachukua mi naongea.

Canter ikatuvuta kwa kamba mpaka mjini. Nikamwambia dereva atufikishe kwenye ule mwarobaini.

Kijana alikuwa na wateja watatu. Mmoja dereva teksi, na Carina yake bonneti iko wazi, waya zimetolewa. Nikashuka.

Sitaandika yote niliyosema. Nilisema amenidanganya, amechukua hela yangu kwa kutoa funguo kwenye ringi, pale alipofungua kava la usukani ndipo alipokata waya wangu makusudi ili nirudi. Nilisema kwa sauti. Mimi ni mtu mzima, watu wa pale wananijua, wanajua mimi si mtu wa kelele, kwa hiyo waliniamini.

Akasema, "Mama naomba funguo nitazame taa tu."

Nikasema hugusi tena gari yangu.

Akarudi nyuma hatua mbili, akafuta mikono kwenye suruali. Basi.

Nilitoa jibu kabla ya kuulizwa

Gereji nyingine, kubwa zaidi, ina ukuta na mlinzi na mashine ya kupimia. Sitaitaja, na hawakufanya ubaya wowote, hiki ninachokieleza kilianzia kwangu. Fundi wa pale akauliza, tatizo nini?

Angalia jibu nililompa. Sikusema gari imezima ikiwa ya moto baada ya mlio kupanda na kushuka siku kadhaa. Nikasema: "Immobilaiza. Ilianza kabla ya juzi, fundi mmoja kaichokonoa kaiharibu zaidi."

Akachomeka mashine chini ya dashibodi. Zikatoka kodi mbili. B2795, na nyingine.

Ya kwanza ni funguo isiyotambulika. "Sawa kabisa," akasema, "ni immobilaiza kama ulivyosema." Na ya pili? "Hiyo ya presha ya mafuta, hutokea gari ikizima ghafla, tusihangaike nayo."

Mpaka leo nikikumbuka naona jinsi lilivyokwenda. Kodi ile ya kwanza ilikuwa ya siku ya harusi. Imekaa kwenye kumbukumbu ya gari tangu siku ile kwa sababu yule kijana hakuwa na mashine ya kuifuta. Ilikuwa ni shahidi wa kesi iliyokwisha, na mimi nimemleta kwenye kesi mpya. Fundi alitazama kodi mbili akachagua ile iliyofanana na maneno yangu. Ningekuwa yeye labda ningefanya hivyo hivyo, mteja kaja na jibu mdomoni.

Ushauri wake ukawa tuiue immobilaiza. Yaani kontroo boksi itolewe, ifunguliwe, kuna kichipu cha miguu minane ndani kinachohifadhi namba za funguo, kinasomwa kwa kompyuta, kinaandikwa upya, gari haiulizi tena funguo ni ya nani. Laki mbili na nusu. "Utakuwa umepumzika milele."

Nilitaka kukubali. Uchovu ule, mnaufahamu? Wa kutaka tu mtu akwambie imekwisha.

Kilichonizuia si akili, ni kwamba nilikuwa sina laki mbili na nusu mfukoni siku hiyo. Nikasema nije kesho asubuhi. Usiku nikakaa nawaza, gari hii inalala nje. Kila kitu changu ni hii gari. Ikishauliwa hiyo kitu, mtu yeyote mwenye bisibisi na funguo ya chuma ya kuchonga sokoni anaondoka nayo. Naitoa kinga ya nyumba kwa sababu mlango umegoma siku moja.

Lakini bado nilikuwa nimekubali kwa nusu.

Video

Saa nne usiku shemeji akapiga simu kutoka Muscat. Akasema nimeitazama ile video mara tatu. Nikamwambia eeh, umeona balaa lenyewe.

Akasema, "Shemeji, itazame tena wewe. Tazama dashibodi, usisikilize."

Nikaifungua. Binti alikuwa amekaa kiti cha abiria, kaelekeza simu kwenye usukani. Mkono wangu unaonekana unazungusha swichi. Taa za dashibodi zinawaka. Ile ya betri, ile ya oili, ile ya hita inawaka inazima. Napiga stata, mshale wa mzunguko wa injini unanyanyuka kidogo juu ya sifuri, unatetemeka hapo.

Na pale penye taa ndogo nyekundu hapana kitu. Pamezima. Pamezima tangu mwanzo mpaka mwisho wa video, sekunde arobaini na moja.

Gari ilikuwa imenitambua. Ilikuwa inajua ni mimi, na ilikuwa inajaribu kuwaka.

Nikarudisha mwanzo, na safari hii nikasikiliza. Sauti yangu imo. Stata ya kwanza haijamaliza hata kuzunguka, nasikika nasema, "Ni yule mtoto. Yule mtoto kaniharibia gari." Hapo sijashuka, sijafungua kitu, sijatazama kitu. Sekunde ya sita.

Nilimhukumu sekunde ya sita.

Na yeye alichoniomba mbele ya watu wote wale kilikuwa kimoja tu, atazame taa. Angeitazama kwa muda wa kupepesa jicho angejua haihusiani na kazi yake, angeniambia, na pengine angenionyesha pa kwenda. Jibu lilikuwa mkononi kwangu kwenye simu wakati nampigia kelele.

Sikulala vizuri.

Valvu yenyewe

Hapa nitapita haraka kidogo ingawa najua wenye Hiace ndio mnapataka.

Asubuhi nikarudi gereji, nikamwambia fundi tufute nilichosema jana, nianze upya. Nikamweleza: ilikuwa inapanda na kushuka ikiwa ya moto, ikazima nilipoachia mafuta, taa ya usalama imezima, mshale wa mzunguko unanyanyuka. Nikamwonyesha video. Mwungwana yule alinisikiliza, hakuona aibu kubadilisha kauli. Akazifuta kodi zote mbili, akapiga stata, akasoma tena.

Ikarudi moja, ile ya presha ya mafuta.

Akafungua ukurasa wa presha ya reli huku msaidizi anapiga stata. Namba zinacheza, 90, 140, 110, zinashuka. Akasema inatakiwa ipande karibu baa 250 na zaidi ndipo nozo zifunguke, hii inakwenda inarudi kama pumzi ya mgonjwa. Akazitega nozo chupa kupima dizeli inayorudishwa na kila moja, zikawa sawasawa zote nne, kwa hiyo si nozo.

Ni SCV. Kivalvu kinachokaa kwenye pampu ya presha, kinachopima dizeli kiasi gani iingie kwenye pampu kwa kila hali. Urefu wake kama kidole, boliti mbili tu. Kikiliwa au kikiingia uchafu kinang'ang'ania, kontroo boksi inakiambia funga kidogo kinafunga sana, inakiambia fungua kinachelewa, ndiyo ule mlio wa kupanda na kushuka niliokuwa nausikia. Siku kikikwama vibaya gari inazima.

Alikitoa akanipa kiganjani. Nikakisukuma kwa kucha, kinatembea kidogo halafu kinashika, ukikilazimisha kinaruka. Ndani yake mna kijivu kama unga wa penseli. Dizeli ya dumu ile, na filta ambayo sikumbuki nilibadilisha lini. Tukaweka kipya, filta mpya, tenki likashushwa likaoshwa, akakaa na mashine akaitambulisha pampu upya kwenye kontroo boksi. Jumla haikufika nusu ya bei ya ile pampu niliyotaka kununua siku ya kwanza.

Nikauliza, sasa mzee wangu wa mtaani, si alisema ni pampu? Akacheka, "Alikuwa anaona mbali, ila siku ile haikuwa zamu yake." Maneno hayo nimeyabeba. Mzee alitaja ugonjwa wa siku ya tisa siku ya kwanza. Pengine kivalvu kilikuwa tayari kinaumwa, pengine sivyo. Ni gari moja, stata ile ile, ekzosi haina moshi ile ile, na magonjwa mawili yasiyojuana.

Kijiweni

Nilichukua siku kumi na moja kwenda chini ya mwarobaini. Najua ni nyingi. Kila siku nilikuwa na sababu, leo kuna shughuli, leo mvua. Mara mbili nilipita kwa bajaji nikamwona kwa mbali nikamwambia dereva asisimame.

Nilipokwenda nilikwenda na Hiace yenyewe, nikaipaki pale pale nilipoipaki siku ile. Alikuwa peke yake anachuna waya kwa meno.

"Shikamoo mama."

Alinisalimia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Marahaba ikanikwama.

Nikamwambia nimekuja kukuomba radhi, na nikamweleza yote, taa, video, valvu, kila kitu, mpaka sekunde ya sita. Akasikiliza anatazama waya. Nilipomaliza akauliza, "SCV ulibadilisha mpya au mtumba?" Nikasema mpya. Akaitikia kwa kichwa, "Vizuri, mtumba ingekusumbua."

Kisha kimya.

Halafu akasema, bila hasira, kama anayenieleza jambo la kazi: "Yule dereva wa Carina aliitoa gari siku ile ile, mama. Na waya zikiwa nje. Alisema asije akakatiwa na yeye."

Hilo nilikuwa sijalijua. Na dereva yule ndiye alikuwa anamletea kijana madereva wenzake, akasema. Watatu au wanne kwa mwezi.

Unaweza kumwomba mtu radhi kwa kelele. Lakini wateja wanne kwa mwezi utawarudishaje? Nilikaa kwenye kile kibao chake nikakosa la kusema, na yeye akaendelea kuchuna waya, na nadhani alinionea huruma kwa sababu baada ya muda akasema, "Si umebaki na funguo moja tu? Gari ya funguo moja ni hatari, siku ikipotea utalia. Nina rafiki ana mashine ya kuongeza funguo, ukiwa na ile moja nzima ni kazi ya dakika chache. Ukiipoteza ndiyo inakuwa shughuli nzito." Nikasema fanya. Nikamlipa anachotaka, nikataka kuongeza, akakataa nyongeza.

Siku iliyofuata nilikwenda stendi ya teksi, nikamtafuta mwenye Carina, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nilichosema siku ile kilikuwa si kweli, kijana hana kosa, kosa ni langu. Nilisema kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile, maana nilidhani hiyo ni haki. Wakanisikiliza kwa adabu. Mmoja akasema, "Haya mama, tumekusikia." Mwenye Carina akasema gari yake ameshaipeleka kwingine.

Fundi mzee naye nilimpitia. Nikampelekea kile kivalvu kibovu akitazame. Alikigeuza geuza kwenye mwanga, akakisukuma kwa ukucha kama nilivyofanya mimi, kikashika, kikaruka. Akaniomba abaki nacho.

Funguo mpya ilikuwa tayari Ijumaa. Kijana alinipa ikiwa peke yake kwenye uzi mwekundu, na ile ya zamani ameifunga uzi wa kijani, akaniambia moja ikae nyumbani kabatini, zisikutane. Funguo ya Prado sasa imetundikwa jikoni kwenye msumari wake.

Tukaijaribu wote wawili. Mimi kwenye usukani, yeye kasimama mlangoni, mkono juu ya bodi. Nikazungusha swichi nikataka kupiga stata, akasema, "Ngoja mama. Tazama kwanza."

Tukatazama. Taa ndogo nyekundu ikazima. Ya hita ikazima. Nikapiga, ikashika.

Tangu hapo nikipita nageuza shingo kuangalia pale chini ya mwarobaini. Juzi kulikuwa na bajaji mbili na Noah moja. Carina bado sijaiona.